Kanzu ya Mikono ya Kubana

Leo nimeaibika, jamani. Si ile aibu ndogo ya kusahau jina la mtu. Ni aibu ya kuhama mtaa, na ningekuwa na pa kuhamia, sasa hivi ningekuwa nafunga mizigo badala ya kuandika hapa.

Wasionijua, mimi ni Fundi Rama. Nashona hapa Mtendeni, Tabora. Kanzu ndiyo kazi yangu hasa, na magauni pia (hilo la magauni liwekeni akilini, litanirudia). Barazani kwangu pana kijiwe cha kahawa, na tangu habari za chanjo ya korona zianze, mtetezi mkuu wa chanjo kijiweni ni mimi. Hakuna aliyenichagua.

Mpinzani wangu ni Mzee Mihambo, muuza asali, mtu wa Sikonge. Yeye ana asali yake, tangawizi yake na sufuria ya kujifukizia, na anasema zimemtosha. Mimi nina simu na bando. Tumebishana mpaka kahawa zinapoa. Yeye anasema, "Dawa imetengenezwa harakaharaka, mimi si panya wa majaribio." Mimi namjibu, "Mzee, sayansi haisubiri nyuki!" (Hata mimi sijui nilimaanisha nini. Lakini watu walipiga makofi.)

Sasa siri yangu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijachanjwa.

Siyo kwamba naipinga. Naogopa sindano. Nilianza kuziogopa darasa la pili, siku watu wa chanjo walipokuja shuleni nikaruka dirishani na kukimbilia nyumbani bila daftari. Ndiyo, najua, nashinda na sindano mkononi kutwa nzima. Msinikumbushe. Hiyo inachoma kitambaa, na kitambaa hakisikii.

Ningeendelea na maisha yangu hivyohivyo kama si Bi Mkubwa, mama yangu mzazi. Ana pumu na presha. Korona ilipochachamaa ilimchukua mdogo wake, mama yangu mdogo, na tangu hapo Bi Mkubwa akikohoa mara mbili mfululizo mimi naacha cherehani naenda kumtazama. Nilimsihi achanjwe. Akaniuliza, "Wewe umechanjwa?" Nikasema ndiyo, zamani sana. (Mungu anisamehe.) Akasema, "Sikuona. Zikija za nyongeza upigwe mbele yangu. Siku nikiona kwa macho yangu sindano inaingia kwa mwanangu, na mimi nitakaa kwenye kiti."

Bi Mkubwa akishasema, amesema.

Basi leo asubuhi gari la matangazo likapita mtaani. Chanjo, chanjo, kiwanja cha ofisi ya kata, kila mwenye kutaka anakaribishwa. Mke wangu Mwajuma naye alikuwa ananiambia kitu wakati huohuo: mama yake anakuja mjini leo kikazi, jioni atapita kutusalimia, nisisahau kuku. Nikaitikia sawa, sawa. Sikio langu lilikuwa kwenye kipaza sauti. Sikumaliza hata chai. Bi Mkubwa akatokea mlangoni kajifunga khanga, kavaa barakoa, mkoba kwapani.

"Twende," akasema. "Leo nataka kuona."

Ni Ijumaa. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya niliyoishona mwenyewe wiki hii, nyeupe, kola imesimama, mikono ya kubana. Mikono ya kubana ndiyo mtindo wa Dar siku hizi, na nilitaka wateja waione nikienda msikitini. Nilijitazama kwenye kioo nikaridhika kabisa. Mikono ile ilikuwa imenikaa kama soksi.

Tukafika kiwanjani. Turubai, meza mbili, benchi refu pembeni, na kiti kimoja mbele ya umati. Hakuna pazia. (Pazia litakuja baadaye, subirini.)

Watu walikuwa wengi, lakini waliokuja kuchanjwa walikuwa wachache kuliko waliokuja kubishana. Kina mama wa sokoni upande huu, vijana wa bodaboda upande ule, kila mmoja ana binamu yake aliyechanjwa akapatwa na jambo, au hakuchanjwa akapatwa na jambo. Na katikati kasimama nani? Mzee Mihambo.

Nyuma ya meza alikuwa muuguzi mmoja, mama wa makamo, sare ya bluu, khanga kiunoni, kofia imeshuka, barakoa imepanda, yanaonekana macho tu.

"Mwangaluka, mayu," Mzee Mihambo akamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, baba. Karibu."

"Mimi sina ugomvi na wewe. Nauliza tu. Mababu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu yao, na wakarudi. Walichanjwa na nani?"

Watu wakacheka, vijana wakapiga miluzi. Mimi nikakohoa ili nimjibu (nilikuwa na jibu refu sana), lakini yule mama akanitangulia.

"Waliorudi ndio waliotuzaa, baba," akasema taratibu. "Waliomalizwa na ndui njiani hawakupata wajukuu wa kuwasimulia. Na wewe kwa umri wako, begani huna kovu?"

Mzee Mihambo akajishika bega bila kutaka. "Lipo. La hiyohiyo ndui. Tulipangwa mstari shuleni."

"Lilikufanya nini?"

"Mkono uliuma siku tatu." Akatabasamu kidogo, kisha akakaza uso. "Lakini ile ilishajulikana miaka na miaka. Hii imekuja juzi. Ikinidhuru, nitamshika nani shati?"

Wallahi hilo ndilo swali kila mtu pale alilokuwa nalo, na mimi nikiwemo, ila tuliona haya kuliuliza. Nikamheshimu mzee wa watu.

Yule mama akavuta pumzi. "Hapo umeuliza swali la haki, na sitakudanganya. Mkono utauma. Unaweza kupata homa siku moja au mbili na mwili kuchoka. Wachache sana hupata madhara makubwa, yapo, ndiyo maana ukishachomwa hatukuachii uondoke, unakaa pale kwenye benchi tukutazame. Na ukichanjwa bado unaweza kuugua korona. Faida yake ni kwamba hatari ya kuzidiwa inapungua, ile ya kutafutiwa mtungi wa hewa, hasa kwa wazee na wenye sukari, presha, pumu. Mimi nimeshika mikono ya watu wanaotafuta pumzi, baba. Sitaki kushika mwingine. Lakini mkono ni wako. Hapa halazimishwi mtu."

Jamani. Nimebishana na Mzee Mihambo miezi yote hii, na sikumwambia hata siku moja kwamba mkono utauma. Nilidhani nikikubali kasoro moja nimeshindwa. Huyu mama kazitaja zote mbele ya umati, na mzee akaitikia kwa kichwa, akasogea pembeni kuwaza. Nilimkubali mama yule pale pale (kwa heshima, kwa heshima kubwa, mtaelewa kwa nini nasisitiza). Nikamwambia Bi Mkubwa, "Huyu angepewa wizara."

Bi Mkubwa akanitazama kwa pembe ya jicho. "Enhe," akasema. "Nenda kakae sasa."

Nikaenda. Karani akaandika jina langu, akanipa kadi. Nikakaa kwenye kile kiti. Bi Mkubwa kasimama hatua chache tu mbele yangu, kakunja mikono. Yule muuguzi akazunguka meza na trei yake, akaja kusimama pembeni yangu. Nikaiona ile sindano. Akili yangu ikazima, na mdomo ukabaki peke yake kazini.

"Dada yangu," nikamnong'oneza, "nisitiri. Sindano siziwezi. Wewe jifanye unachoma, bandika pamba, yule mama yangu pale aone, basi, imekwisha. Mimi ni fundi. Nitakushonea gauni kali sana, bure. Nipe vipimo vyako tu, kifua, kiuno na nyonga, mengine niachie mimi."

Akaangalia kadi yangu. Akaniangalia mimi. Akaangalia kadi tena, muda mrefu. Nikajua tumeelewana.

"Kunja mkono wa kanzu," akasema kwa sauti ya chini.

Nikakunja. Ukafika chini kidogo ya kiwiko, ukagoma. Nikauvuta, ukagoma. Nikajaribu kutoa bega kupitia shingoni, lakini na shingo nimeishona mimi mwenyewe, na mimi, nisifiwe nisisifiwe, nashona vizuri. Hakuna uzi uliolegea hata mmoja.

"Si uvue tu!" Bi Mkubwa akapaza sauti. "Una singlendi ndani!"

Nikawaza, sindano yenyewe ni ya uongo, nivue haraka, nivae, twende. Nikasimama. Nikaikamata kanzu kwa chini, nikaipandisha kwa mkupuo mmoja. Ikapita magotini, ikapita kiunoni, ikafika kichwani.

Ikakwama.

Mikono yote miwili juu, imebanwa na mikono ya kanzu. Kichwa kiko ndani. Nje, mbele ya wakazi wa Mtendeni, kumebaki singlendi yenye tundu na bukta yangu.

Kuhusu bukta. Fundi hatupi vipande. Mwaka jana nilishona mapazia ya Mama Sada, jirani yetu, yale ya njano yenye maua ya zambarau. Palibaki kipande. Kidogo tu. (Alilalamika kwamba dirisha la jikoni halikutosha. Nilimwambia vitambaa vya siku hizi vinasinyaa.)

Nikasikia sauti yake kutoka kwenye foleni. "Heee! Si pazia langu lile? Si pazia langu la jikoni?"

Kiwanja kizima kikalipuka. Nikiwa mle gizani nikainamisha kichwa kutafuta hewa, na kwenye uwazi wa chini nikaona kipande cha ardhi. Kwenye hicho kipande cha ardhi palikuwa na miguu miwili. Kwenye hiyo miguu palikuwa na viatu vya wazi vya ngozi, na mkanda wa kiatu cha kushoto ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa kijani.

Nikaitambua miguu ile.

Hapa inabidi niwaeleze. Kwetu huku mama mkwe hatazamwi usoni. Ukikutana naye njiani unapisha, ukiamkia unainama, hukai naye mkeka mmoja, na utani naye hakuna hata wa dawa. Nimeoa miaka minne. Ukiniuliza mama mkwe wangu ana sura gani, sitaweza kukwambia, na sauti yake naijua kwa "marahaba" tu. Lakini miguu yake ninaijua kuliko yangu. Na viatu vile nilimnunulia mimi, kwa fundi wa ngozi Igunga, na mkanda ulipokatika niliushona mimi, kwa uzi wa kijani kwa sababu wa kahawia uliniishia.

Mama mkwe wangu ni muuguzi huko Sikonge. Anakuja mjini leo kikazi. Nilikuwa nimeambiwa asubuhi, na nikaitikia sawa.

Nikahesabu niliyoyafanya. Nimemwita dada. Nimemwomba adanganye. Nimemwomba vipimo vya nyonga. Na sasa nimesimama mbele yake na bukta ya pazia.

Nikaamua kuishi humo ndani ya kanzu.

"Mvuteni!" Mzee Mihambo akaamrisha, na mikono miwili ikashika kanzu yangu.

"Niacheni!" nikapiga kelele. "Msinitoe! Nawaombeni msinitoe!"

"Rama, una wazimu?" Bi Mkubwa akauliza.

Ndipo nikaisikia ile sauti tulivu. "Mwacheni." Nikaona khanga inafunguliwa, kisha akasema, "Mkwe wangu, mfunike kijana wetu."

Bi Mkubwa akanifunika, toka kifuani mpaka magotini, na umati ukarudia lile neno kwa mshangao: mkwe? Kumbe mkwewe! Kila mtu Tabora anajua maana yake. Wazee wote pale, Mzee Mihambo wa kwanza, wakageuza nyuso kutazama upande wa pili kwa heshima. (Walikuwa wanacheka. Mabega yao niliyaona baadaye.)

Mama mkwe akageuka akanipa ubavu, kama inavyotakiwa, akazungumza kwa chini, mimi tu na Bi Mkubwa tukamsikia.

"Baba, za uongo hatukuletewa. Zipo za kweli tu. Kama hutaki ni haki yako, nenda nyumbani salama, sitakuwazia vibaya. Kama unaona haya mimi kukuchoma, nitamwita mwenzangu. Lakini mwambie mama yako ukweli. Yeye anataka kuamua juu ya uhai wake kwa kukutazama wewe."

Sijawahi kusemwa nikasemeka namna ile. Hakunifokea, hakunicheka, hakunitangaza. Angeweza. Mle ndani ya kanzu machozi yalinilenga, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa juu.

"Bi Mkubwa," nikasema, na nikasema kwa sauti kwa sababu kanzu inameza maneno, "nilikudanganya! Sijawahi kuchanjwa! Naogopa sindano!"

Mzee Mihambo, bado katazama upande wa pili, akasema, "Mficha uchi hazai!" Basi hapo hata karani aliweka kalamu chini kwa kucheka.

"Nilijua," Bi Mkubwa akasema. "Nimekuzaa mimi."

"Mama," nikamwambia mkwe wangu, "nichome wewe."

Wakanisaidia kukaa. Bi Mkubwa akanishusha mkono mmoja kwa kuutoa kwenye kanzu pole pole, kichwa nikaomba kibaki ndani. Nikahisi kitu cha baridi begani.

"Yalaaaa! Nakufa mimi!"

"Hiyo ni pamba, baba," akasema mama mkwe.

Nikang'ata kola. Nikasoma kila ninachokijua. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Mwishowe nikauliza, "Mama, tayari?"

"Tayari zamani. Mpishe mama yako."

Nilipotoa kichwa, Bi Mkubwa alikuwa ameshakaa kwenye kile kiti, mkono wazi, macho makavu. Sindano ikaingia, hata kope hakupepesa. Alipokuja kukaa nami kwenye benchi nikamuuliza imekuwaje amekubali, na mwanawe kamdanganya vile. Akasema, "Na mimi naogopa, Rama. Nilitaka nimwone mwoga kunishinda anachomwa na anatoka hai."

Kisha akaniuliza kwa mshangao wa kweli kabisa: "Hivi ulikuwa unamnong'oneza nini mkweo? Mimi nilimtambua toka alipofungua mdomo. Nikasema, mwanangu siku hizi ana ujasiri."

Nilikaa pale na khanga ya mama mkwe, Mama Sada kasimama mbele yangu ananipima bukta kwa macho, na Mzee Mihambo akaja akakaa upande wa pili. Akanipa kipande cha sega la asali.

"Hukunishinda wewe," akasema. "Elewa hilo. Yule mama amenijibu kama mtu mzima anavyojibiwa. Sijasema nachanjwa. Nimesema nitarudi na mke wangu, tumuulize tena." Nikamwambia aulize tu. Ningekuwa na akili, toka mwanzo ningemwachia aulize.

Sasa ni jioni. Mkono unauma kama alivyosema. Bi Mkubwa amelala kidogo, anapumua vizuri, nimekwenda kumtazama mara tatu. Mama mkwe amefika, amekula kuku wake sebuleni, na mimi nimemwamkia kutoka mlangoni, shikamoo mama, macho chini. Miguu ileile, uzi uleule. "Marahaba, baba," akaniitikia, na kwenye sauti hapakuwa na kitu chochote. Nikashukuru Mungu, nikajua amenisitiri, yamekwisha.

Dakika tano baadaye Mwajuma akaja uani na kikaratasi kilichokunjwa. Mwandiko wa kiuguzi, umenyooka. Kifua, kiuno, nyonga.

"Mama amesema ulimwahidi mwenyewe," Mwajuma akasema, anajikaza asicheke. "Na amesema kitambaa kisiwe cha pazia."

Nimeanza kukata sasa hivi, mkono ukiniuma. Na nyie mnaosoma hapa, wateja wangu wote nawajua kwa majina: atakayecheka, kanzu yake ya sikukuu namshonea mikono ya kubana.